Mawe Hayaoti

Wahenga wa pwani walinena kwamba mgagaa na upwa hali wali mkavu. Mkulima wa Plateau hana upwa wa kugaagaa nao. Alicho nacho ni shamba la mahindi lenye mawe, na kila msimu sharti ayainamie mawe hayo kabla ya kuiinamia mbegu. Plateau ni kituo kidogo katika kaunti ya Uasin Gishu, si mbali na Eldoret, kwenye njia ya reli itokayo Nakuru. Mgeni apitaye huko mwezi wa Agosti huona mahindi na ngano zimetanda hadi upeo wa macho, akadhani kuwa ardhi hiyo iliumbwa laini. Apite tena mwezi wa Februari, mabua yakiwa yamekwisha kuliwa na ng'ombe, udongo ukiwa mtupu, ndipo atakapoyaona: mawe ya kijivu kilichokolea, mengine madogo kama ngumi, mengine makubwa kama ndama aliyelala.

Mwezi huo wa Februari, mwaka 2025, kijana mmoja alirejea nyumbani kwao Plateau kwa likizo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuoni, akisomea ualimu wa Kiswahili na Jiografia. Katika mkoba wake mlikuwa na kipakatalishi alichokinunua kikiwa kikuukuu, na ndani ya kipakatalishi hicho mlikuwa na mchezo uitwao Farming Simulator 22. Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi mnamo Novemba 2021. Mchezaji hupewa shamba, trekta na fedha kidogo. Hulima, hupanda, huvuna, huuza, kisha hununua shamba jingine. Toleo hilo ndilo lililoleta suala la mawe katika mashamba ya mchezo. Mchezaji akipitisha plau, mawe hujitokeza juu ya udongo. Akiyapuuza, zana zake huchakaa upesi. Akiyajali, ana njia mbili: madogo huyashindilia ardhini kwa rola nzito, na makubwa huyazoa kwa mashine maalumu inayokokotwa na trekta, kisha akaenda kuyauza.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo rafiki wa chuoni alimnong'onezea. Katika ukurasa wa mipangilio ya mchezo mna mahali pa kuyazima mawe. Ukipabonyeza, mawe hayatokei tena. Kijana alipabonyeza, na tangu siku hiyo mashamba yake ya kwenye kioo yakawa laini kama unga.

Usiku wa kwanza nyumbani, nyanya yake alivuta kigoda akaketi karibu naye, akatazama trekta la rangi ya kijani likienda na kurudi. Aliuliza maswali mengi, kwa kuwa mambo ya shamba hayakuwa mageni kwake. Alitaka kujua ni nani anayelipa mafuta. Alitaka kujua mvua ya huko inanyesha lini. Kisha akauliza: "Na mawe yako wapi?"

"Nimeyazima, Kogo," kijana alijibu, akimwita kwa jina la heshima wanalolitumia nyumbani kwa nyanya. Alipoona hajaeleweka, aliyawasha tena, akamwonyesha mawe yaliyotapakaa shambani na mashine inayoyazoa.

"Mashine hiyo inaitwaje kwa Kiswahili chako cha chuo?"

Kijana alifikiri kidogo. "Tuseme kiokota-mawe."

"Basi hiyo ni mimi," nyanya akasema, akasimama kwenda kulala.

Neno hilo lilikuwa la mzaha, lakini lilibeba uzito ambao kijana aliufahamu siku iliyofuata. Shamba la nyanya ni la ekari mbili, na ndilo linalolisha nyumba nzima. Msimu uliotangulia, trekta la kukodi lilipokuwa likilima upande wa chini, sahani moja ya plau iligonga jiwe ikapasuka. Mwenye trekta alidai fidia, akalipwa nusu kwa gunia la mahindi na nusu kwa ahadi. Sasa alikuwa amepeleka ujumbe kuwa hatatia plau yake katika shamba hilo tena mpaka mawe yaondolewe na deni lilipwe. Msimu wa mahindi katika Uasin Gishu ni mmoja tu kwa mwaka. Mkulima hupanda mvua zinapoanza, kati ya Machi na Aprili, naye huvuna kuanzia Oktoba. Aliyechelewa kulima hana msimu wa pili wa kumfariji.

Kulikuwa na shauri jingine pia. Baba mdogo wa kijana, anayeishi mjini, alikuwa amempata mwanakandarasi aliyetaka kulichimba timbo upande huo wa chini. Eldoret ulipandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, nyumba za kupangisha zinachipuka kila upande, na jiwe limekuwa bidhaa. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: "Ikiwa shamba linazaa mawe kuliko mahindi, kwa nini tusivune mawe?" Nyanya hakukataa wala hakukubali. Alisema tu kwamba atatoa jibu mvua zikianza.

Kijana aliazimia kuyaondoa mawe yote katika mwezi huo mmoja. Alikuwa na mtaimbo, sururu, karai na wilbaro iliyolegea gurudumu. Katika mchezo, kazi hiyo humalizika kabla chai haijapoa. Hapa, baada ya siku ya kwanza alikuwa amesafisha kipande kisichotosha kuanika gunia kumi za mahindi, na viganja vyake vilikuwa vimefura malengelenge. Alijifunza mambo ambayo kioo hakikumfundisha. Jiwe linaloonekana dogo juu huwa pana chini. Jiwe lililolowa umande huteleza na kuponda kidole. Mgongo una kiasi chake, nao haununuliwi mwingine sokoni.

Alijifunza pia sauti ya jiwe. Mtaimbo ulipoligonga, jiwe la Plateau halikutoa kishindo kizito, bali lililia mfano wa kengele iliyofunikwa kitambaa. Akakumbuka mhadhara mmoja wa Jiografia. Uwanda wa Uasin Gishu umefunikwa na mwamba wa volkeno uitwao fonolaiti, uliotiririka ukiwa moto zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, kisha ukapoa na kuganda. Jina lenyewe limetokana na Kigiriki, na maana yake ni jiwe litoalo sauti. Chuoni alikuwa ameliandika jina hilo katika daftari na kulisahau baada ya mtihani. Hapa lilimlilia mkononi.

Kwa hakika, mawe si mageni katika historia ya nchi hiyo. Jina la Eldoret lenyewe linatokana na neno la Kimaasai, eldore, lenye maana ya mto wa mawe, kwa ajili ya mawe yaliyojaa katika mto Sosiani. Herufi ya mwisho iliongezwa mwaka 1912 ili jina lifanane na majina ya Kinandi. Kabla ya hapo mahali hapo paliitwa 64, au Sisibo kama wenyeji walivyolitamka neno hilo la Kiingereza, kutokana na nambari ya shamba lililogawiwa walowezi. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walikuwa wamefika katika uwanda huo kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mwaka 1908, na inasimuliwa kwamba shamba nambari 64 lilitengwa kuwa mji kwa sababu ardhi yake haikufaa sana kwa kilimo. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli, basi jiji zima limesimama mahali ambapo plau ilishindwa. Na kabla ya walowezi walikuwapo Wasirikwa, ambao masimulizi ya Wakalenjin yanawataja, na ambao mazizi yao ya mviringo yaliyozungushiwa mawe bado yanaonekana katika sehemu za nyanda hizo. Kila aliyepita hapo alikuwa na neno na jiwe.

Wiki ya pili, kijana alipokuwa akisukuma wilbaro kwenda kwenye lundo la pembeni, nyanya alimsimamisha. Alimwonyesha malundo matatu. La kwanza lilikuwa limeota kuvu na nyasi. "Hili ni la babu yako, wakati tukilima kwa ng'ombe." La pili lilikuwa kubwa zaidi. "Hili ni la baba yako, Mungu amrehemu." La tatu lilikuwa lake mwenyewe, la miaka ya ujane na uzee. "Na wewe sasa unaanza la nne. Mawe huota, mjukuu wangu. Babu yako aliyamaliza. Baba yako aliyamaliza. Mimi nimeyamaliza mara nyingi."

Kijana alisimama na wilbaro yake. Uchungu aliokuwa nao haukuwa wa mgongo. Kama kazi ya watu watatu haikutosha, ya wa nne ingetosha vipi? Hoja ya baba mdogo ilianza kumwingia. Mtu hawezi kushindana na shamba linalozaa mawe.

Lakini usomi, ukiwa wa kweli, humsumbua mwenye nao. Usiku ule aliendelea kujiuliza ni kitu gani kinachoyaleta mawe juu. Katika nchi za baridi, ambako wabunifu wa mchezo ule wanaishi, jawabu linajulikana. Majira ya baridi maji yaliyomo udongoni huganda na kuvimba, yakaliinua jiwe kidogo. Barafu inapoyeyuka, udongo huporomoka chini ya jiwe kabla halijarudi mahali pake. Mwaka baada ya mwaka jiwe hupanda mpaka likatokea juu. Wakulima wa Ulaya na wa kaskazini-mashariki mwa Marekani wamekuwa wakiokota mawe kila majira ya kuchipua kwa karne nyingi, na kuta ndefu za mawe zinazogawa mashamba yao ni ushahidi wa kazi hiyo. Kwao, jiwe kwa kweli hupanda.

Plateau, hata hivyo, haina barafu ya namna hiyo. Asubuhi za Julai huwa na baridi ya kutetemesha meno, lakini ardhi haigandi mpaka chini. Basi ikiwa hakuna kinacholiinua jiwe, limefikaje juu?

Asubuhi alichukua jembe na mtaimbo, akaenda kwenye ua wa kando, katikati ya mteremko. Ua huo ulipandwa na babu yake, na ardhi iliyo chini yake haijawahi kupitiwa na plau. Alichimba hapo shimo. Kisha akasogea hatua tano ndani ya shamba, akachimba shimo jingine. Chini ya ua, mpini wa jembe ulizama karibu wote kabla ya kugonga mwamba uliooza. Ndani ya shamba ulizama kiasi cha goti. Ndipo alipotambua jambo ambalo macho yake yalikuwa yameliona tangu utotoni bila kulifikiri: ua ulikuwa umesimama juu ya tuta, na shamba lilikuwa chini yake. Hakuna aliyewahi kulijenga tuta hilo. Hiyo ilikuwa ardhi ya zamani, iliyobaki mahali pake. Shamba ndilo lililoshuka.

Mawe hayakuwa yakiota. Udongo ndio uliokuwa ukiondoka. Plau ilichimbua, mvua ikachukua, na kila msimu jiwe lililokuwa limefunikwa likabaki wazi. Watu watatu walikuwa wamepambana na jiwe ilhali mwizi alipita kando yao akiwa amejitwika udongo. Kulaumu jiwe ni sawa na kulaumu mifupa kwa kuonekana katika mwili uliokonda.

Alimwita nyanya, akamwonyesha mashimo mawili. Nyanya aliinama, akatia mkono katika shimo la kwanza, kisha katika la pili. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Hatimaye alisema kwamba babu alilima kwa ng'ombe akikata mteremko, lakini trekta zilipokuja zililima kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa shamba ni refu upande huo na dereva hataki kugeuka mara nyingi. "Hatukuona kitu," akasema. "Kazi ilikuwa ikiisha haraka."

Jawabu la jambo hilo si geni Afrika Mashariki. Huko Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yamebaki magofu ya mashamba ya kale ambayo wakulima wake waliyaokota mawe na kuyapanga kuwa matuta na kingo za mifereji, mpaka walipoyahama karne kadhaa zilizopita. Katika nchi jirani ya Ethiopia, Wakonso wamejenga ngazi za mawe milimani kwa vizazi vingi na bado wanazilima. Eneo lao liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Watu hao hawakuwa na mashine ya kuzoa mawe, wala hawakuyatupa pembeni. Waliligeuza jiwe kuwa mlinzi wa udongo.

Kuanzia siku hiyo kijana aliacha kupeleka mawe kwenye lundo. Alifunga kamba kwenye vigingi, akapima usawa kwa mpira wa maji wa kuonea uliojazwa maji, akapanga mawe kwa mistari inayokata mteremko. Mawe makubwa aliyazika nusu upande wa chini, madogo akayajaza katika nyufa upande wa juu. Hakumaliza. Katikati ya Machi alikuwa na mistari mitatu, mahali palipohitajika saba.

Baba mdogo alifika na mwanakandarasi Jumamosi moja. Yaliongelewa mengi chini ya mti, na sauti zilipanda. Baba mdogo alitazama mashimo mawili, akasema kwamba hayo ni masomo mazuri lakini masomo hayalipi karo. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana ndiye aliyekuwa akisaidia kulipa karo ya kijana. Nyanya ndiye aliyekata shauri. Aliliuza lundo lake mwenyewe, lile la tatu, kwa bei ya lori mbili za mawe ya msingi, na fedha hizo zikamaliza deni la sahani ya plau. Kuhusu timbo, alisema: "Ukiuza jiwe, udongo hubaki. Ukichimba timbo, umeuza vyote viwili. Nipeni msimu huu mmoja." Baba mdogo aliukubali msimu mmoja, akautaja kwa jina: mpaka mavuno ya Novemba.

Mwenye trekta alikuja, akakagua shamba kwa mguu. Aliposikia kwamba anatakiwa kukata mteremko badala ya kuteremka nao, alidai nyongeza kwa ajili ya kugeuka mara nyingi. "Mama, mafuta hayanywi maneno," alimwambia nyanya kwa adabu, naye akapewa nyongeza hiyo. Kijana alitangulia mbele ya trekta. Mara nne plau ililia juu ya jiwe, ile sauti ya kengele iliyofunikwa. Mara nne dereva alisimama, kijana akaling'oa jiwe kwa mtaimbo na kulipeleka mstarini. Hakuna sahani iliyopasuka.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha usiku, siku chache baada ya kupanda. Asubuhi nyanya na mjukuu walitoka na mwavuli mmoja. Sehemu isiyokuwa na mistari ilikuwa imechorwa vijito vya maji mekundu yaliyoelekea mtoni. Kwenye mstari wa pili, upande wa juu wa mawe, palikuwa na tope laini lililotua, unene wake upana wa vidole viwili. Nyanya aliligusa, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama anayepima unga.

Si jambo kubwa. Vidole viwili vya tope havirudishi udongo wa nusu karne, na Novemba ilikuwa bado mbali. Hata mchezo ule haustahili lawama. Aliyeubuni hakuahidi kufundisha kilimo cha Plateau, na mchezaji ana haki ya kupumzika. Lakini kijana alijiuliza ni mara ngapi watu hutafuta katika maisha mahali pa kuzima kile kinachowasumbua, wasiulize kimetokea wapi.

"Mawe yameota tena," nyanya alisema, akionyesha jiwe jipya ambalo mvua ilikuwa imelifunua karibu na mguu wake.

Kijana hakumsahihisha. Aliliinamia, akalitikisa likalegea, akalibeba hadi kwenye mstari wa nne ambao ulikuwa haujaanza.